Sheria na Sayansi ya Data: Elimu Ambayo Kakao ya Kyela Inaidai

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, sheria na sayansi ya data hufundishwa katika majengo tofauti, na walimu wasiokutana, kwa wanafunzi ambao tangu kidato cha tano walikwisha kuambiwa kwamba wao ni watu wa upande mmoja tu wa elimu. Aliyechukua mchepuo wa HGL, yaani historia, jiografia na lugha ya Kiingereza, huelekezwa kwenye sheria, na aliyechukua PCM ya fizikia, kemia na hisabati, au EGM ya uchumi, jiografia na hisabati, huelekezwa kwenye kompyuta, takwimu na uhandisi. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki yake wakati ambapo ushahidi mkubwa ulikuwa hati ya karatasi na kinywa cha shahidi. Leo, haki ya mtu kuuza mazao, kukopa au kutambuliwa huamuliwa kwanza na kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta kabla haijaamuliwa na binadamu yeyote, na kwa sababu hiyo mgawanyo ule umekuwa pengo linalowagharimu hata watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo kikuu. Mfano ulio wazi kuliko mingi unapatikana Kyela.

Kyela ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika tambarare yenye joto na mvua nyingi inayopitiwa na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikiwa na Milima ya Livingstone upande wa mashariki, juu ya Matema, na mto Songwe, ambao ni mpaka na Malawi, upande wa kusini-magharibi. Watanzania wengi huijua kwa mchele wake unaonukia, lakini zao linaloiunganisha moja kwa moja na masoko ya mbali ni kakao, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka hapo pamoja na maeneo jirani ya Rungwe. Mkulima, ambaye kwa kawaida ana shamba dogo lenye mikakao iliyochanganywa na migomba na miti ya kivuli, hupeleka mzigo wake kwenye chama cha ushirika cha msingi, ambacho watu hukiita AMCOS, ambako hupimwa, huingizwa ghalani kwa utaratibu unaotokana na Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya 2005, kisha huuzwa kwa mnada. Mapema mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoharibika na bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, zao hilo liligeuka kuwa jambo la kuzungumzwa hata na vijana waliokuwa wameacha kilimo.

Tarehe 31 Mei 2023, Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2023/1115 inayohusu mazao yanayohusishwa na ufyekaji wa misitu, yaani ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Kanuni hiyo inamtaka mwagizaji wa Ulaya athibitishe mambo mawili kwa pamoja, kwamba zao halikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kwamba lilizalishwa kwa kufuata sheria za nchi lilikotoka. Uthibitisho wa jambo la kwanza unadai mahali lilipo kila shamba patajwe kwa latitudo na longitudo, kwa nukta moja ikiwa shamba halizidi hekta 4, na kwa mchoro wa mipaka yake yote ikiwa linazidi hapo. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo hauna utata: punje ya kakao inayotaka kufika Ulaya lazima isafiri pamoja na taarifa ya shamba lake. Mtu wa Ngonga au Ipinda, huko Kyela, ambaye hajawahi kuwaza habari za Brussels anajikuta chini ya sheria ya mbali, inayotekelezwa kwa njia ya data.

Hapo ndipo kazi ya sayansi ya data inapoanza. Elimu hii, kwa ufupi, ni ile ya kukusanya, kusafisha, kuchambua na kufasiri taarifa nyingi kwa kuunganisha hisabati ya takwimu, upangaji wa programu za kompyuta na ujuzi wa jambo lenyewe linalochunguzwa. Wengi huifikiria kuwa elimu ya mashine zenye akili, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta makosa madogo ambayo hakuna aliyeyakusudia. Kyela ipo takriban nyuzi 9.6 kusini mwa ikweta na nyuzi 33.9 mashariki, na katika kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Karani akiisahau alama hiyo, shamba la Kyela litaonekana karibu na mahali ambapo Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia zinapakana, na akibadilisha nafasi za namba hizo mbili, litaonekana ndani ya bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Morocco. Makosa ya namna hiyo hukamatwa kirahisi. Gumu zaidi ni lile la karani ambaye, kwa uchovu au kwa mvua, hakutembea hadi shambani, akarekodi nukta akiwa kwenye mizani ya chama. Nukta hiyo ipo Kyela, ina tarakimu zote 6 za desimali zinazotakiwa, na programu inaipokea bila swali, mpaka mchambuzi mwenye jicho atakapogundua kwamba wakulima 20 wana shamba moja.

Baada ya nukta huja picha za setilaiti, na hapa suala linakuwa zito zaidi. Kanuni ya Ulaya inauhesabu kuwa msitu ule uoto wa zaidi ya hekta 0.5, wenye miti inayozidi mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, isipokuwa ardhi hiyo iwe inatumika zaidi kwa kilimo. Lakini mikakao iliyokaa chini ya miti mirefu ya kivuli, ikitazamwa kutoka angani, hufanana sana na msitu, kwa hiyo ramani iliyotengenezwa na kompyuta inaweza kuandika "msitu" mahali ambapo familia imekuwa ikivuna kakao kwa miaka mingi. Mkulima akikata miti ya kivuli iliyozeeka, mashine itaona msitu uliopotea. Watu wa takwimu husema kwamba kila chombo cha kupambanua kina makosa ya aina mbili, yaani kumtuhumu asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia, na kwamba mtengenezaji akipunguza kosa la aina moja kwa kusogeza kizingiti cha uamuzi, lile la aina ya pili huongezeka. Kizingiti ni ile namba ambayo juu yake mashine hujibu "ndiyo" na chini yake hujibu "hapana", na lazima mtu fulani aichague.

Kwa mwanasheria, namba hiyo si suala la ufundi peke yake. Mahakama zimekuwa zikichagua vizingiti vyao kwa karne nyingi: katika jinai mashtaka yathibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi, katika madai inatosha upande mmoja uonekane kuwa na uzito kuliko mwingine, na anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mhandisi anayeweka kizingiti cha ramani ya msitu anafanya jambo lile lile, anaamua ni nani atabeba mzigo wa shaka, na pengine hajui kwamba anafanya hivyo. Mwanasheria naye, anayejua kila kitu kuhusu mzigo wa kuthibitisha, huenda hajui kwamba ndani ya programu ile kuna namba iliyokwisha kuamua. Sababu yenye nguvu kuliko zote ya kuzisoma elimu hizi mbili pamoja ni hii, na ajira au mishahara minono inayotajwa kwenye matangazo ya vyuo ni jambo la pembeni.

Sharti la pili la kanuni, lile la kufuata sheria za nchi ya uzalishaji, linadai sheria kwa uwazi zaidi. Fomu ya kampuni ya kigeni inaweza kuwa na nafasi ya kujaza namba ya hati ya ardhi, na mkulima wa Kyela aliyerithi shamba kwa babu yake asiwe nayo. Anayejua takwimu tu ataandika kwamba taarifa haipo, na kwa kufuata kanuni za usafishaji wa data, ataliondoa shamba hilo kwenye orodha. Anayejua sheria atasema kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaitambua haki ya kumiliki ardhi kimila, kwamba hati ni ushahidi wa haki hiyo na kukosekana kwake peke yake hakuifuti haki, na kwamba nafasi iliyo wazi kwenye fomu si uvunjaji wa sheria. Mtu mmoja akiyajua yote mawili, atairekebisha fomu kabla haijamnyima yeyote soko.

Liko pia suala la taarifa zenyewe. Jina la mkulima, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na mahali lilipo shamba lake, vikiwekwa pamoja, ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo mizizi yake imo katika Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu. Sheria hiyo inamtofautisha mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji, yaani anayezishughulikia kwa niaba yake. Inadai taarifa zitumike kwa lengo lililotajwa, inaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, na inampa mhusika haki ya kupinga uamuzi mzito uliofanywa juu yake na mashine peke yake. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Ramani za mashamba zinazoondoka Kyela kwenda Ulaya zinagusa karibu kila sharti kati ya hayo. Ni vigumu kuamini kwamba AMCOS ya kijijini, yenye katibu mmoja na daftari la mapato, itayatekeleza haya bila kusaidiwa na mtu aliyesomea.

Undugu wa elimu hizi si mpya. Gottfried Leibniz, mmoja wa waanzilishi wa hesabu za kalkulasi, alikuwa daktari wa sheria kabla ya kujulikana kwa hisabati, na mwaka 1709 Nicolaus Bernoulli wa Basel aliandika tasnifu ya sheria juu ya matumizi ya nadharia ya uwezekano katika masuala ya kisheria, kama vile ni baada ya muda gani mtu aliyepotea ahesabiwe amekufa. Zilitengana baadaye, kila moja ilipokua na kujijengea wataalamu wake, na utengano huo umewahi kuwa na gharama isiyosahaulika.

Mwaka 1999, nchini Uingereza, Sally Clark, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria, alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga waliofariki ghafla kwa nyakati tofauti. Daktari bingwa, Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla kwa sababu za asili ulikuwa 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua makadirio ya 1 kati ya 8,543 na kuyazidisha kwa yenyewe, hesabu ambayo ni halali tu ikiwa kifo cha kwanza hakina uhusiano wowote na cha pili, ilhali watoto wa tumbo moja hushiriki damu, nyumba na mazingira. Lilikuwepo na kosa la pili, la kudhani kwamba kama jambo ni nadra sana kutokea kwa asili, basi nafasi ya mshtakiwa kuwa hana hatia nayo ni ndogo kiasi hicho hicho, bila kuuliza ni nadra kiasi gani kwa mama kuua watoto wawili. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kuikosoa hesabu hiyo mwaka 2001, na Sally Clark akaachiwa Januari 2003, baada ya kukaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Alifariki mwaka 2007. Mahakama haikukosa watu wenye akili, ila wenye mamlaka ya kuuliza maswali hawakuwa na elimu ya takwimu ya kuwatosha kuuliza swali lililohitajika.

Tanzania ina historia yake fupi ya kukutanisha kompyuta na kizimba. Katika shauri la mwaka 2000 la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta zaweza kupokewa kama vitabu vya benki, ingawa Sheria ya Ushahidi ilitungwa wakati vitabu vilikuwa vitabu. Marekebisho ya 2007 yaliifuata njia hiyo, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikaweka vigezo vya kuupima ushahidi wa kielektroniki, ikiwa ni pamoja na kuaminika kwa namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa na namna ukamilifu wake ulivyolindwa. Vigezo hivyo vimeandikwa kwa lugha ya sheria, lakini kila kimoja kinajibiwa kwa ujuzi wa data, kwa kueleza ni nani aliingiza taarifa, ni nani aliweza kuibadilisha, na alama gani zingebaki kama angeibadilisha.

Nje ya masuala ya ushahidi, mambo hayohayo yamekwisha kufika kwenye simu za watu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo wa kidijiti, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, baada ya malalamiko kuhusu riba na kuhusu wadaiwa kuaibishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa watu waliomo kwenye simu zao. Nchini Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma haukuwa halali kwa kuwa serikali haikutanguliza tathmini ya athari kwa taarifa binafsi kama sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ilivyotaka. Na Uholanzi, Januari 2021, serikali nzima ilijiuzulu baada ya maelfu ya wazazi kutuhumiwa bila haki kuwa walidanganya ili wapate posho za malezi ya watoto, katika utaratibu ambao mfumo wake wa kompyuta wa kukadiria hatari ulitumia uraia kuwa mojawapo ya vigezo. Katika tukio hilo la mwisho, kizingiti kilichowekwa ndani ya mashine kilichukuliwa kuwa hukumu.

Mwanafunzi anayezisoma elimu hizi pamoja husoma nini hasa? Upande wa data husoma uwezekano, takwimu, hifadhidata na upangaji wa programu, hasa kwa lugha za Python na R, kisha mbinu za kuifundisha mashine itambue mifumo ndani ya data. Upande wa sheria husoma katiba, mikataba, ushahidi, ardhi na jinai, kisha faragha na miamala ya mtandaoni. Australia, vyuo kadhaa hutoa shahada mbili za pamoja ambazo mwanafunzi huzikamilisha kwa takriban miaka mitano au zaidi. Nchini Tanzania utaratibu huo haujazoeleka, kwa hiyo anayeitaka njia hii huijenga mwenyewe kwa kusoma shahada moja baada ya nyingine. Shahada ya sheria ipo tangu 1961, kitivo cha sheria kilipokuwa cha kwanza cha chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayetaka uwakili huongeza mafunzo ya vitendo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria. Takwimu na data hufundishwa Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichoanzishwa 1965, pamoja na vyuo vikuu vingine.

Swali la kipi kitangulie lina jibu, ingawa wapo watakaolipinga. Kijana mwenye uwezo wa hesabu aanze na hesabu, kwa sababu hesabu iliyoachwa kwa miaka mitano hurudi kwa taabu kubwa, ilhali sheria husomeka vizuri na mtu mzima aliyekwisha kuona mikataba na magomvi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huwafundisha sheria watu waliomo kazini. Aliyeanza na sheria hajachelewa, lakini asijidanganye kwamba semina ya wiki moja kuhusu akili mnemba imempa elimu ya data. Nusu ya elimu hii ina hatari zake, maana anayejua istilahi bila hesabu huzipa namba mbovu heshima ya kisheria, na anayejua hesabu bila sheria huwapokonya watu haki akidhani anasafisha orodha.

Jiji la Mbeya, lililo zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa barabara ya Tukuyu, lina Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe inayofundisha sheria, na lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya chenye ndaki yake ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Vyuo hivyo viwili havihitaji kungoja shahada mpya ipitie hatua zote za ithibati ndipo viwakutanishe wanafunzi wao. Vianze na somo moja la pamoja kwa muhula mmoja, na ramani za mashamba ya kakao ya Kyela, kwa idhini ya wenye mashamba, ziwe zoezi la kwanza.